Kabla ya kununua maiki, piga kofi chumbani kwako

Hebu fanya hivi kwanza. Simama katikati ya chumba unacholala, piga kofi moja la nguvu, kisha nyamaza usikilize. Ukisikia kofi lako likikurudia kama kuna mtu mwingine mle ndani anakuiga, jua hicho chumba hakijafika hata kiwango cha kurekodi tangazo la mazishi. Na hakuna maiki itakayokuokoa. Ile ghali ndiyo itakuumbua zaidi, maana itaunasa huo mwangwi vizuri kuliko ile ya bei rahisi.

Najua sivyo ulivyoambiwa. Umeambiwa studio ni maiki, spika mbili kubwa, taa ya zambarau ukutani na kiti cha kuzunguka. Karibu kila wiki kuna kijana ananiuliza swali lilelile: "Buda, nimeweka elfu ishirini, nichukue maiki gani?" Jibu langu ni moja na huwa haliwafurahishi. Usichukue maiki bado. Chukua blanketi.

Haya sikuyasoma mahali. Nimeyalipia karo.

Kwetu ni Tseikuru, Kaunti ya Kitui, huko Mwingi Kaskazini. Ukitoka Nairobi unashika barabara ya Garissa hadi Mwingi mjini, unapinda kuelekea Kyuso, na ukishachoka kabisa ndipo unakaribia. Ukizidi mbele unaanza kusikia Kitharaka. Kama hujawahi kufika, picha ni hii: jua, mbuzi, punda wa maji, pikipiki zenye muziki mkubwa kuliko injini, na mabati. Mabati kila paa. Uyakumbuke hayo mabati, nitayarudia.

Niliuza mbuzi watatu. Wawili walikuwa wangu, mmoja wa mwaitu, na huyo nilimwahidi nitamrudisha kufikia Krismasi. Nikapanda gari hadi Nairobi, nikaingia duka moja katikati ya jiji, nikatoka na maiki ya kondensa, nzuri, inang'aa, ndani ya kijisanduku chenye sponji. Muuzaji hakuniambia, nami sikuuliza, kwamba maiki ya namna ile haitoi sauti bila kupewa umeme wa volti 48, na kwamba umeme huo hutoka kwenye kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta ambacho maprodyuza wanakiita intafesi. Nilifika nyumbani usiku, nikachomeka. Kimya. Nikakopa kwa simu, nikarudi Nairobi, nikanunua intafesi. Hesabu ya nauli, riba na mbuzi sitakupigia hapa, kwa sababu mwaitu naye husoma gazeti.

Siku ilipokubali kuwaka, nilivaa hedifoni nikasikia dunia. Nilimsikia punda wa jirani. Nilisikia sufuria jikoni, kuku, mtoto akikohoa nyumba ya pili. Nilifurahi mno. Niliona kweli pesa zangu zimeenda mahali pazuri, mashine inasikia kila kitu! Sikujua kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe.

Wiki hiyo nikawaita kina susu wa kilumi. Kama wewe si Mkamba, kilumi ni ngoma ya zamani ya kwetu inayobebwa hasa na kina mama wazee, ngoma ya tiba na ya kuomba mvua, wala si ile ya kuchezwa kila harusi. Kundi hili lilikuwa la akina mama saba, na kati yao kuna mmoja anayetupa maneno, wengine wakimjibu. Niliwapa sukari kilo mbili na majani chai, nikawaingiza katika chumba changu chenye sakafu ya simiti na kuta tupu, saa sita mchana, nikabonyeza kitufe.

Sasa mabati. Jua la Tseikuru likishika, chuma kinatanuka, misumari inakataa, na paa linaanza kulia: ta! ta-ta! ta! Jioni likipoa linajikunja, kelele tena. Ukiishi humo tangu utotoni husikii kabisa, masikio yameshasamehe. Maiki haisamehi. Na zile ngoma mbili kubwa zilikuwa zinagonga ukuta huu zinarudi ukuta ule, hadi maneno ya yule kiongozi yakazama kama mtu anayeongea ndani ya tangi la maji. Nilijipa moyo: si neno, tutarudia wiki ijayo.

Wiki iliyofuata alikuwa amehamia Mombasa kwa bintiye. Hajarudi. Wenzake ukiwaomba wanakwambia wazi, bila yule hakuna wimbo, wao kazi yao ni kuitikia. Ninachomiliki ni dakika kumi na mbili za mwangwi na mabati, na nimejaribu kila programu ya kusafisha sauti. Kelele ya mfululizo kama ya feni unaweza kuipunguza. Mwangwi ulioshikana na neno haubanduki, ukiuvuta unakuja na neno lenyewe.

Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia mtu anasema blanketi ni mambo ya watu maskini.

Tuelewane kidogo kuhusu jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Sauti yako ikitoka mdomoni, sehemu inaenda moja kwa moja kwenye maiki, na sehemu inaenda kugonga ukuta, dari, dirisha, kisha inarudi imechelewa kidogo. Maiki inachukua zote mbili. Ukiwa karibu, sauti yako inashinda ile inayorudi. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti yako inayofika moja kwa moja inashuka hadi nusu, ilhali kelele za chumba zinabaki palepale. Basi hatua ya kwanza ya bure kabisa ni kusogea. Pima shubiri moja kutoka mdomoni hadi kwenye maiki. Zile "p" na "b" zinazolipuka, zizuie kwa stokini kuukuu uliyoivuta juu ya kiduara cha waya. Usicheke, inafanya kazi.

Hatua ya pili ndiyo niliyoigundua kwa bahati. Baada ya mavuno niliingia stoo ya mwaitu kutafuta jembe, nikamwita mdogo wangu, nikashtuka. Sauti yangu ilikufa palepale mdomoni. Stoo ilikuwa imejaa magunia ya ndengu, yamepangwa hadi karibu na paa, mengine yametokeza, mengine yamerudi ndani. Nikapiga kofi. Hakuna kilichorudi. Manze, nilisimama pale nikipiga makofi kama mwendawazimu hadi mwaitu akaja kuuliza kama nimeona nyoka.

Nilihamishia maiki humo siku hiyohiyo. Rekodi ya kwanza nzuri ya maisha yangu, sauti ya kijana wa kwaya akiimba bila ala, ilitoka katikati ya ndengu.

Sasa wewe uliye Pipeline au Umoja utaniambia huna stoo wala ndengu. Sawa, lakini una godoro. Una nguo. Kabati lililojaa nguo, likiwa wazi, linafanya kazi ileile ya magunia yangu. Godoro lisimamishe nyuma yako, si mbele yako. Hapa wengi hukosea. Maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, na kilichoko mbele ya maiki ni wewe pamoja na ule ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Huo ndio wa kuufunika kwanza. Kisha funga kamba mbili kutoka ukuta hadi ukuta, utundike blanketi nzito za mitumba kulia na kushoto, ziachie nafasi kidogo na ukuta zisigusane nao. Chini tupa zulia au hata mkeka na shuka. Piga kofi tena. Utasikia tofauti kabla hujatumia elfu tatu.

Na kwa heshima zote, achana na trei za mayai. Najua zinapendeza kwenye picha. Hazizuii sauti ya jirani kuingia, hazizuii yako kutoka, na mwangwi zinauvuruga kidogo tu kule juu kwenye sauti nyembamba. Zile sponji nyembamba za rangi nazo ni ndugu wa trei. Kitu chochote chepesi hakiwezi kazi nzito. Hata blanketi lenyewe halimalizi besi, besi inapita kama haioni mtu, kwa hiyo usikae kwenye kona ambako inajazana.

Halafu kuna saa. Sijaona mtu akifundisha hili, na kwangu lilikuwa la maana kuliko kifaa chochote. Kwa wiki moja kaa na daftari, andika kelele za chumba chako saa baada ya saa. Mimi nilidhani usiku ndio mtulivu. Kumbe usiku kuna nyenje, na sauti yao imekaa palepale zinapokaa "s" za muimbaji, huwezi kuwatoa bila kumng'oa muimbaji meno. Alfajiri ni jogoo na adhana. Mchana ni mabati. Nilichopata ni dirisha moja: saa mbili na nusu hadi saa nne asubuhi, watoto wameenda shule, jogoo wamechoka, jua halijalishika paa. Saa moja na nusu kwa siku. Inatosha, ukija umejifunza wimbo wako. Wewe wa mjini dirisha lako litakuwa jingine, pengine kati ya mashine ya maji ya ploti na mkesha wa kanisa la ghorofa ya chini. Litafute.

Baada ya hayo yote, haya, tununue vitu. Elfu ishirini yako mimi leo ningeigawa hivi. Elfu tatu blanketi, kamba na zulia. Elfu tano hedifoni za kufunika sikio zima, ili biti isivuje ikaingia kwenye maiki. Elfu sita intafesi ya mkono wa pili, uijaribu ukiwa palepale kabla ya kutoa pesa. Elfu nne maiki ya dainamiki. Mbili zilizobaki ni kebo na vikorokoro, na standi unaweza kuanza na mpini wa jembe kama mimi. Spika kubwa subiri. Chumba kidogo kisichotulizwa kinadanganya spika zozote. Ukimaliza kuchanganya wimbo, usikilize kwenye simu, kwenye redio ya kinyozi, kwenye spika ya bodaboda. Hapo ndipo utasikilizwa.

Nasema dainamiki kwa sababu haina masikio mapana. Kondensa ina utando mwepesi sana, inasikia hadi sufuria. Dainamiki inataka uikaribie, na vilivyo mbali inavipuuza. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966 na bado utaiona majukwaani na makanisani. Kwa ajili ya jina hilo feki zake zimejaa, hivyo ukiuziwa mpya kwa bei ya sahani mbili za nyama choma, jua umeuziwa sura. Afadhali ya kampuni isiyojulikana ambayo haijifanyi nyingine.

Programu isikupasue kichwa. Audacity ni ya bure. BandLab ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye simu. Reaper inakupa siku 60 za kuijaribu, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Hizi za kuibwa ambazo kila mtu anakutumia, rafiki yangu mmoja alipakua moja, virusi vikafunga mafaili yake yote, na albamu nzima ya kwaya ikaenda. Kwaya walikuwa wamelipa. Alikaa miezi miwili bila kupita karibu na hilo kanisa.

Kidokezo kingine cha bure: ukisikia mngurumo wa chinichini kwenye rekodi, chomoa chaja ya laptopu uirekodi ikitumia betri. Mara nyingi mngurumo unatoka kwenye stima. Kwetu ambako stima hupotea yenyewe, tunapata hilo bila kuomba.

Utanipinga kwa Billie Eilish. Hunipingi peke yako. Ni kweli, ile albamu yake ya 2019 yeye na kaka yake Finneas waliitengenezea kwa sehemu kubwa chumbani, nyumbani kwa wazazi wao Los Angeles, na Januari 2020 ikatwaa Grammy ya albamu ya mwaka. Watu huisimulia hadithi hii kama ushahidi kwamba chumba si hoja. Mimi naisikia kinyume. Ni chumba cha kulala, kina kitanda. Kitanda ni kifaa cha studio, ila hakiuzwi dukani kwa jina hilo.

Mfano wa kunipinga vizuri uko karibu zaidi, Dar es Salaam. Mburahati kuna studio ya Sisso, na singeli zilizopikwa pale ziliingia katika mkusanyiko Sounds of Sisso uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, muziki wa mtaa ukapata masikio hadi Ulaya. Singeli inakimbia kasi na imejaa toka juu hadi chini. Kwa muziki kama huo, kelele kidogo ya chumba itamezwa na biti, nakubali. Vivyo hivyo kama wewe ni wa gengetone, mko wanne mnapiga kelele juu ya biti, usipoteze usingizi kwa ajili ya nyenje. Lakini ukitaka kurekodi sauti moja na gitaa, kwaya, mashairi, podikasti, au mzee wako akisimulia, hakuna mahali pa kujificha.

Na hapa ndipo ninapoona sisi tulio mbali na Nairobi tuna kitu mkononi. Enzi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, miaka ya 70 na mwanzo wa 80, benga ya Ukambani ilibidi ifunge safari hadi Nairobi ili iwe santuri. Bendi inaingia, muda unahesabiwa, inatoka. Chochote ambacho hakikuweza kupanda basi hakikurekodiwa. Kina susu wa kilumi hawakupanda basi. Leo studio ndiyo inayoweza kuwaendea, kwenye mfuko wa mgongoni: laptopu, intafesi, maiki mbili, soksi ya kuzuia upepo. Kwa ngoma, hata stoo nimeiacha. Chini ya mti, uwanja wazi, hakuna ukuta, basi hakuna mwangwi. Upepo tu ndio wa kuombea.

Jambo la mwisho ni karatasi. Ukishakuwa na chumba kinachosikika vizuri, watu watakuja, na wengi watakuwa hawajui wanachokupa. Kabla hujabonyeza kitufe, andikeni nani ni mwenye wimbo na mapato mtagawaje. Sheria yetu ya hakimiliki ilirekebishwa 2022 ili mwenye kazi apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio ya wito wa simu. Asilimia hiyo humwendea anayetambuliwa kuwa mwenye kazi. Bila karatasi, anayetambuliwa ni mwenye laptopu. Nimeona prodyuza wa rika langu akipokea pesa za wimbo wa mama wa kanisani ambaye mpaka leo anamshukuru kwa "kumsaidia". Rekodi nazo ziweke mahali patatu, na pamoja kati ya hapo pasiwe nyumbani kwako.

Yule mbuzi wa mwaitu nilimrudisha, mwaka mmoja baada ya ile Krismasi. Kondensa ninayo bado, siku hizi naipenda, maana chumba kimeistahili. Msimu huu ndengu zikiingia stoo nimepewa wiki mbili, kabla dalali hajaja na lori. Nimempigia simu binti ya yule susu kule Mombasa. Amesema mamake akipata mtu wa kumsindikiza, atakuja.